Kabla ya kushika usukani wa ligi, pita Kigombe

UKIFUNGUA kurasa za michezo siku yoyote ile, utakutana na bahari kabla hujakutana na mpira. Timu inayoongoza msimamo 'imeshika usukani'. Iliyopigwa mechi tatu mfululizo 'inakwenda mrama'. Kocha aliyetimuliwa 'ameliacha jahazi likizama'. Na yule anayevaa kitambaa mkononi ni nahodha, jina ambalo watu wa pwani walikuwa nalo karne nyingi kabla mpira wa miguu haujafika Tanga.

Maneno hayo yamezoeleka mpaka hakuna anayejiuliza yametoka wapi. Mtu wa Muheza ukimuuliza habari za kwao atakutajia machungwa, atakutajia misitu ya Amani kule juu Usambara ya Mashariki, na kama ni mtu wa kijiweni atakupeleka moja kwa moja Mkwakwani kwa Wagosi wa Kaya, Coastal Union, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988. Bahari haimjii haraka kichwani. Lakini Muheza ina pwani yake. Ukishuka upande wa mashariki, ukaacha mashamba ya mkonge nyuma yako, unatokea Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009.

Pale ufukweni utaona jezi za Simba na Yanga zilizopauka kwa chumvi na jua, zimevaliwa na watu wanaovuta kamba. Utaona ngalawa, utaona madau na mashua zimelala mchangani zikisubiri maji. Na pale ndipo yale maneno ya kurasa hizi yana kazi yake ya kwanza. Chombo kikienda mrama Kigombe, maana yake kinayumba huku na huku na watu waliomo wanaweza kufa.

Jambo hili linamhusu shabiki wa mpira kuliko anavyodhani.

TIMU ILIYOKWENDA ISIRUDI

Desemba 25, 2016, siku ya Krismasi, boti iliondoka upande wa Buliisa nchini Uganda ikikatiza Ziwa Albert kuelekea Hoima. Ndani yake walikuwa wachezaji wa timu ya kijiji na mashabiki wao, watu wapatao 45, wanakwenda kucheza mechi ya kirafiki ya sikukuu. Boti ikapinduka. Taarifa za wakati ule zilitaja watu wapatao 30 waliopotea majini.

Maelezo yaliyotolewa na polisi wa Uganda yanamchoma yeyote aliyewahi kupanda gari la mashabiki. Chombo kilizidiwa, watu walikuwa kwenye shangwe, filimbi na vuvuzela zinapulizwa, kisha wakaelemea upande mmoja. Basi.

Kila shabiki anaijua shangwe ile. Kwenye basi la kwenda ugenini watu husimama, hucheza, hugonga mabati, wengine hutoa nusu ya mwili dirishani, na dereva anakwenda zake. Basi lina magurudumu na lami chini yake. Chombo cha maji kinasimama kwa mizani, na mizani hiyo ni watu wenyewe waliomo.

Sasa weka hilo karibu na nyumbani. Timu za mchangani za pwani yetu, kuanzia Mkinga, Tanga na Muheza mpaka Pangani, zinajua safari za kuvuka maji kwenda kufuata mbuzi au seti ya jezi. Visiwani ndiyo kabisa. Chombo huazimwa, mara nyingi ni cha mvuvi, ambacho siku nyingine zote hubeba watu watano na nyavu. Siku ya mechi kinaambiwa kibebe kikosi, benchi, viongozi, ngoma mbili na yeyote aliyewahi ufukweni. Hapo ndipo balaa linapoanza, kabla hata nanga haijang'olewa.

MAANDALIZI YA MSIMU

Manahodha wa aina ya Kigombe hawaanzi kazi upepo unapovuma. Chombo cha mbao kina msimu wa maandalizi kama timu, na kikiukosa kitalipa mbele ya safari.

Kazi kubwa hufanywa kwenye bamvua, zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Chombo huletwa juu maji yakiwa yamejaa, yakipwa kinabaki mchangani kimeegemezwa kwenye magogo, na tumbo lake lote linaonekana. Fundi ana saa chache tu kabla maji hayajarudi.

Kwanza huparuliwa yale makombe na majani yaliyoota chini, maana chombo kichafu ni kizito na hakitii usukani. Kisha mbao zinagongwa moja moja. Ubao mzima una sauti yake, na ubao ulioliwa na wadudu wa baharini una sauti nyingine, ya ndani tupu. Kwa hiyo fundi mzuri hutumia sikio kabla ya jicho. Wazee walikuwa wakipitisha moto wa makuti chini ya chombo kuwaua wadudu hao, halafu wakapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Siku hizi rangi ya dukani imechukua nafasi kubwa, lakini lengo ni lilelile.

Kisha kuna kalafati. Huu ndio ulinzi wa chombo cha mbao, na ulinzi kweli kweli, maana kinachozuiwa hapa ni maji kuingia. Kati ya ubao na ubao kuna upenyo. Fundi huchukua pamba iliyolowekwa mafuta, akaisukuma ndani ya upenyo kwa chembeu, ile patasi butu, huku akigonga kwa nyundo ya mti. Haigongwi kwa hasira. Pamba ikiwa chache, maji yanapita. Ikigongwa kupita kiasi, inazitanua mbao zenyewe na unakuwa umetengeneza tundu jipya. Chombo kilichokaa juani wiki nyingi bila kuguswa mbao zake husinyaa, na ndiyo maana ile mashua nzuri iliyopumzika mwezi mzima inaweza kuwa ya hatari zaidi kuliko ile kongwe inayotoka kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema watu wa nchi kavu. Baharini huo muda wa kujenga ukuta hupewi.

Ngalawa ina mambo yake. Mwili wake ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi mwembe, hivyo viungio vya kuziba si vingi. Uhai wake uko kwenye mirengu, ile miti inayokatiza juu kutoka upande hadi upande, na ndubi zilizofungwa kwenye ncha zake kuizuia isipinduke. Vyote hivyo vimeshikwa na kamba. Kamba ikilegea pale mrengu unapokutana na mwili, ngalawa inageuka kuwa gogo tu linaloelea. Mvuvi makini hushika kila fundo kwa mkono kabla ya kutoka, hata kama jana alilifunga mwenyewe.

Ajabu ya Muheza ni kwamba wilaya hiyohiyo ina shamba la misaji la Longuza, chini ya milima, na msaji ni mbao ambayo wajenzi wa vyombo duniani kote wanaililia kwa sababu haiozi haraka majini. Mbao ziko jirani kuliko watu wengi wanavyofikiri. Bei ndiyo iko mbali.

Juu ya chombo kuna mlingoti, kuna foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, na kuna henza, kamba ya kuupandishia. Henza haikatikii katikati. Inakatikia pale inapopita kwenye kapi, kwa sababu ndipo inaposuguliwa kila siku, na hapo ndipo pa kutazama. Kamba za nailoni zina udanganyifu wao: nje zinang'aa, ndani jua limeshazila. Ukiipinda ikatoa unga, iondoe kazini.

Tanga lenyewe linachanika kuanzia kwenye mshono. Shimo dogo la ukubwa wa kidole halimtishi mtu ufukweni, lakini upepo wa kusi ukilijaza tanga, shimo hilo linafunguka kama geti la uwanja wakati wa dabi. Kwa hiyo sindano na uzi mnene vinakaa chomboni. Vinakaa pamoja na kamba ya akiba, kasia, nanga yenye kamba ndefu ya kutosha, na chombo cha kufulia maji, hata kama ni dumu lililokatwa nusu.

Mashabiki wa Tanga hawahitaji kuhubiriwa juu ya akiba. Agosti 13, 2023, palepale Mkwakwani, Simba na Yanga zilimaliza dakika 90 za Ngao ya Jamii bila bao. Golini mwa Simba alikuwa Ally Salim, kijana ambaye miezi michache nyuma wengi walimhesabu kama kipa wa akiba. Akapangua matuta matatu, Simba wakatwaa ngao kwa penalti 3-1. Kasia chomboni ni kama kipa yule. Unaweza kulibeba mwaka mzima bila kulitumia, ukaanza kuliona ni mzigo, mpaka siku foromali ikivunjika na mwamba uko mbele yako.

MAMBO YA UWANJANI

Sasa chombo kiko majini. Tanga la vyombo vyetu ni la pembetatu, na kona yake ya nyuma inashikwa na kamba iitwayo demani. Ukitaka kujua kama nahodha anajua kazi, usimtazame usoni, tazama demani. Mtu mzembe huifunga kwa fundo gumu ili apate nafasi ya kuvuta sigara. Mtu wa kazi huizungusha kwenye mti na kuishika mkononi, au huifunga kwa namna ambayo mvuto mmoja unaifungua. Upepo wa ghafla ukipiga, demani inaachiwa, tanga linapepea bure, chombo kinasimama wima. Ikiwa imefungwa fundo la kufa, tanga linabaki limejaa na chombo kinalala. Ni suala la sekunde mbili tatu.

Mizani ni jambo la pili. Upepo unalisukuma tanga upande mmoja, kwa hiyo uzito unatakiwa ukae upande wa pili, joshini, kule upepo unakotokea. Uzito huo ni watu, na katika vyombo vingine ni farumi, magunia ya mchanga au mawe yanayowekwa chini kukituliza chombo. Kwenye resi za ngalawa utaona vijana wamejitoa nje kabisa, wamekaa juu ya mirengu, migongo yao karibu inagusa maji, watu kwenye ukumbi wa picha wanapiga makofi. Raha kutazama. Lakini wale wamefanya mazoezi, na wote wanahama kwa pamoja kwa neno la mtu mmoja. Mashabiki 20 waliokwenda kutazama pomboo upande mmoja hawahami kwa neno la mtu yeyote.

Na kuna kugeuza tanga, pengine ndiyo dakika ngumu kuliko zote. Chombo kikibadilisha upande wa kupokea upepo, foromali nzima, na tanga lake, inabidi ipitishwe mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Kwa muda huo mfupi chombo hakina nguvu, kamba ziko huru, mti mzito unatembea juu ya vichwa vya watu. Hapo mabaharia wanahitaji nafasi ya kukanyaga. Chombo kilichojaa abiria hakina nafasi hiyo. Watu wengi wakisikia 'kujaza kupita kiasi' wanafikiri ni hesabu ya kilo tu, kumbe ni pia suala la wenye kazi kukosa pa kusimama.

Kuhusu kilo zenyewe, nchi hii haihitaji mfano wa mbali. MV Nyerere ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Ilipopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, waliopoteza maisha peke yao walizidi 220. Na kile kilikuwa kivuko cha chuma, chenye injini.

Kukagua vyombo vidogo na kuvipa vyeti ni kazi ya TASAC, iliyochukua jukumu hilo kutoka SUMATRA mwaka 2018. Cheti kinasema chombo kinabeba watu wangapi. Kiongozi wa timu anayeazima mashua ana haki ya kuuliza namba hiyo, na akijibiwa 'wanaenea tu', ajue hajajibiwa. Aulize pia jaketi okozi ziko ngapi. Jaketi zinatakiwa zivaliwe tangu ufukweni. Zikikaa chini ya mzigo hazina kazi, maana hakuna aliyewahi kuvaa jaketi vizuri akiwa tayari anakunywa chumvi.

NAHODHA AKISEMA HAPANA

Pwani inaishi kwa pepo mbili. Kaskazi inatawala kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka karibu Machi, kisha kusi inashika, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti bahari kati ya bara na Pemba si mahali pa majaribio. Mkondo wa maji unapanda kaskazini, upepo wa kusi unasukuma nyuma yake, na chombo kilichovunjika usukani kinakwenda kinakopelekwa. Bahati mbaya, miezi hiyohiyo ndiyo mabonanza ya likizo yanapamba moto.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa upepo na mawimbi ukanda wa pwani, na unasikika redioni na kwenye simu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, tahadhari ilitangulia na vyombo vikasitisha safari. Utabiri huo unaungana na macho ya mzee aliyekaa ufukweni miaka 40. Mmoja anaona mbali, mwingine anaona pale pale, na hawa wawili wakikubaliana kwamba leo hakutokwi, mjadala umeisha.

Ni hapo mpira unapoleta ushindani usiofaa. Nahodha anatazama mawingu, anasema hapana. Mwenyekiti wa timu anasema tutapokwa pointi. Kocha anasema wenzetu wameshavuka. Mfadhili anaongeza elfu kumi. Shabiki mmoja aliyekunywa anasema nahodha ni mwoga. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mabenchi ya ufundi. Ilitungwa kwa ajili ya asubuhi kama hiyo, ufukweni, watu watano wakiamrisha chombo kimoja. Uwanjani refa akipuliza filimbi watu hulalamika lakini mpira unasimama. Nahodha wa tanga anastahili angalau heshima hiyo, na yeye hana kadi mfukoni ya kumsaidia.

Mambo madogo yanabaki. Aachwe mtu nchi kavu anayejua chombo kimetoka saa ngapi, kina watu wangapi kwa majina, na kinatarajiwa saa ngapi. Simu mbili zifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Filimbi ya mwamuzi wa akiba iende chomboni, sauti yake inakwenda mbali juu ya maji kuliko ya mtu anayepiga kelele. Tochi iwepo, kwa sababu meli kubwa zinazoingia bandari ya Tanga haziwezi kuiona mashua ya mbao gizani na haziwezi kukata kona haraka hata zikiiona. Na chombo kikipinduka, watu wakishikilie. Mbao zinaelea. Ufukwe unaoonekana karibu si karibu, na wengi waliopotea ni wale waliojiamini wakaanza kuogelea.

Kisha kuna saa ya kuanza mechi, ambayo waandaaji huipanga bila kuwaza maji. Mechi ikianza saa 10:00 jioni, itaisha karibu saa 12:00. Kwetu jua linazama nusu saa hivi baadaye. Ikienda kwenye matuta na kukabidhi mbuzi, timu ngeni inapandisha tanga gizani, watu wamechoka, walioshinda wanacheza na walioshindwa wanagombana. Mechi hiyohiyo ikipigwa saa 8:00 mchana, wageni wanaondoka jua likiwa juu na maji yakiwa yameangaliwa. Jua la saa nane ni kali, wachezaji watalalamika. Walalamike. Na kama fainali lazima iwe jioni, basi wenyeji watandike mikeka, wageni walale, waondoke na upepo wa alfajiri.